Mwonjaji wa Namba Kumi na Saba

Watu watatu kati ya kumi na wawili walisema waliogopa, na Profesa Kokugonza Bashange hakuamini, kwa sababu dawa ile alikuwa ameionja yeye mwenyewe na haikumtisha hata kidogo.

Aliisoma ripoti mara ya pili. Dawa bado haikuwa na jina. Iliitwa Namba Arobaini na Moja, ilikusudiwa kwa watu wasiopata usingizi, na maabara yao pale Bukoba ilikuwa imeihangaikia miaka minne. Ng'ambo ya meza alisimama Dakta Elpidius Ngaiza, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa na mvi kumzidi mwalimu.

"Labda walikuja na hofu zao kutoka nyumbani," Kokugonza alisema.

"Wote watatu, Profesa? Dakika ileile ya arobaini?"

"Watu wakikaa pamoja huambukizana maneno."

"Walilala vyumba tofauti. Utaratibu huo uliuweka wewe."

Kweli aliuweka yeye. Akaivuta fomu ya kibali karibu na kutazama mstari wa chini kabisa, ule uliokuwa ukingoja saini yake tu: *Mwonjaji.*

Sheria ya Kuonja ilipitishwa yeye akiwa bado msichana wa sekondari. Wakati huo vielelezo vya ubongo, yaani ubongo wa kuigizwa ndani ya mashine, vilikwisha kuwa vizuri mno. Unaingiza dawa kwenye kompyuta, inakuonyesha itashika vipokezi vipi, itakaa saa ngapi, itatokea wapi. Kitu kimoja tu kiliishinda mashine: kukwambia dawa inahisiwaje. Basi watunga sheria wakaazima desturi ya majumbani. Kwa Wahaya, mgeni akiletewa kahawa ya kutafuna, mwenyeji huchukua punje ya kwanza na kuitafuna mbele yake, mgeni aone haina kitu. Ikaamuliwa kwamba kila maabara ya dawa za akili iwe na mwonjaji mmoja, mwanasayansi mwenye afya na kiapo, ambaye atameza dozi tatu za kwanza na kuandika anachohisi, dakika kwa dakika. Wagonjwa hufuata baadaye. Likitokea neno la mgonjwa limepingana na la mwonjaji, la mwonjaji ndilo husimama, kwa kuwa mgonjwa anakuja na ugonjwa wake, na mwonjaji anakuja mtupu.

Ndivyo sheria ilivyosema. Kokugonza alikuwa amekuja mtupu kwa miaka ishirini na mitatu.

"Nitafutie mmoja wao nizungumze naye," alisema, na fomu akairudisha kwenye faili bila saini.

* * *

Aliletewa Bi Serapia, fundi cherehani wa Hamugembe, mama mnene mwenye tepu ya kupimia bado shingoni. Alikaa, akatazama kwanza kitambaa cha kiti kilivyoshonwa, akasema huyu aliyekishona ni mwizi, kisha akawa tayari kuhojiwa.

"Hukuona kitu chochote?" Kokugonza aliuliza. "Mtu, mnyama, kivuli?"

"Wala. Nilikuwa nimelala vizuri tu, mwanangu. Mara nikahisi kama nimemwacha mtoto stendi. Unaijua ile? Umeshafika nyumbani, umeshavua viatu, unataka kuinjika chai, ndiyo unakumbuka kwamba ulikuwa na mtoto."

"Una watoto wadogo?"

"Wa mwisho ana miaka thelathini na miwili na ndevu mpaka hapa."

"Hali hiyo ilidumu muda gani?"

"Mpaka kulipokucha. Nilimpigia simu huyo mwenye ndevu. Akaniambia, mama, lala. Nikamwambia nitalalaje na wewe uko stendi?" Alicheka, lakini mkono wake ulikwenda kwenye tepu ukaishika. "Usinicheke, Profesa. Sitaki kuinywa tena, hata mkiniongezea nauli."

Kokugonza hakucheka. Aliandika kila neno, kisha akayasoma. Aliyaelewa yote. Stendi aliijua, viatu alivijua, mtoto alimjua. Ila yalipokutana pamoja hayakumfanya kitu, akawa kama mtu anayesoma namna ya kupika chakula ambacho hajawahi kukila.

Jioni ile alimeza dozi mara mbili ya ile ya Serapia, Elpidius akiwa pembeni na saa mkononi. Dakika ya arobaini ilifika. Mapigo ya moyo yalikuwa sitini na manne.

"Unahisi nini, Profesa?"

"Usingizi. Na njaa."

Elpidius aliandika, lakini polepole, na hakuinua macho.

* * *

Yeye Elpidius ndiye aliyeyachokoa madaftari, na hakuomba ruhusa. Asubuhi alikuja na karatasi moja.

"Nimepitisha ripoti zako zote za kuonja kwenye mashine," alisema. "Dawa arobaini na moja. Niliiambia ihesabu neno hofu, na woga, na wasiwasi, na kuogopa, na ndugu zake wote. Kuanzia Namba Moja hadi Kumi na Saba, yametokea mara mia mbili na kumi na nne."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna."

"Machache?"

"Hakuna, Profesa. Miaka kumi na mmoja. Hata moja."

Kokugonza alinyoosha mkono, akachukua kabatini daftari la Namba Tisa, la karatasi, la enzi ambazo bado aliandika kwa kalamu. Mwandiko ulikuwa wake, ila umetambaa. *Dakika ya ishirini. Naogopa mlango. Najua ni mlango tu. Elpidius, usitoke.* Aliukumbuka mlango, hata rangi yake ya kijani na kitasa kilicholegea. Hofu yenyewe haikuwamo ndani ya kumbukumbu, kana kwamba mtu ameingia akaichukua na kufunga vizuri alipotoka.

Namba Kumi na Saba ndiyo iliyokuja kuitwa Nanga. Ilikuwa fahari ya maabara, na kama tutasema kweli, ilikuwa fahari yake yeye. Iliwatoa nje watu waliojifungia ndani miaka kwa miaka, wakaenda sokoni, wakaoa, wakapanda mabasi. Watu elfu sitini walikuwa wakiimeza kila siku. Kwenye kibali aliandika kwa mkono wake kwamba athari ya kila dozi huisha baada ya saa sita. Wagonjwa walikubali, maana wao walikuwa wamelemewa na hofu, na nani atakuja kulalamika kwamba imepungua mno? Mtu pekee mwenye hofu ya kawaida katika utafiti wote alikuwa mwonjaji. Na mwonjaji, saa ya sita ilipopita, alijikagua akaona hakuna kinachomsumbua, akaandika: nimerudi kama nilivyokuwa.

Wakaenda kwenye skana. Elpidius alimwonyesha picha ya nyoka aina ya swila aliyetanua shingo, kisha picha ya kiti. Ndani kabisa ya ubongo kuna viini viwili, kila kimoja mfano wa lozi, ambavyo kwa mtu wa kawaida huwaka nyoka anapotokea kabla mwenyewe hajajua ameona nini. Vya Bi Serapia, aliyepimwa siku alipokunywa dawa, viliwaka kama jiko. Vya Kokugonza vilimchukulia nyoka sawasawa na kiti.

"Dozi tatu," alisema akitoka kwenye mashine na kuvaa viatu. "Nilimeza tatu tu. Wao wanameza kila siku."

"Nimeangalia na hilo." Elpidius alifunua karatasi nyingine. "Wanaotumia Nanga huanguka, huungua na hugongwa na magari mara tatu zaidi ya watu wengine. Hakuna aliyeunganisha. Kila mmoja aliandikiwa ajali."

* * *

Walifunga mlango wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Elpidius alikuwa na njia yake, na haikuwa ya kijinga. Profesa aseme amechoka, astaafu kwa heshima, aletwe mwonjaji mpya. Namba Arobaini na Moja itakufa yenyewe. Nanga ifanyiwe utafiti upya kimyakimya, ikithibitika ndipo isemwe. "Lakini ukisema leo kwamba ulimi wa mwonjaji uliharibika miaka kumi na mmoja iliyopita, hawatasimamisha Nanga peke yake. Kila ulichokionja baada yake kitasimama. Kuna ile ya akina mama wanaochanganyikiwa wakijifungua. Kuna ile ya kifafa cha watoto. Dawa ishirini na tatu, Profesa. Nzuri. Watu watakufa kwa kuzikosa."

"Na tukinyamaza miaka miwili ya utafiti, wataanguka wangapi?"

"Sijui."

"Unaogopa, Elpi?"

Alimwonyesha viganja. Vilikuwa vimelowa.

Kokugonza alivitazama kwa makini, kama mtu anayetazama kipimo. Hapo ndipo alipoiona shida yake ilivyo, na haikuwa ile aliyodhani. Alikuwa tayari kuliandikia Baraza la Waonjaji dakika ileile. Alikuwa tayari vilevile kutoliandikia. Hakuna kilichomvuta nyuma, huku wala kule. Maisha yake yote watu walimsifu kwamba ana moyo, anasema kweli mbele ya yeyote, na sasa hakujua katika hiyo miaka kumi na mmoja ni mara ngapi alikuwa jasiri na mara ngapi alikuwa hana habari tu. Hilo lilimuuma. Kuumia alikuwa bado anakuweza.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema. "Kwanza kuna mtu anayekunywa Nanga ambaye lazima nikamwambie mimi mwenyewe."

* * *

Mutasingwa, mdogo wake, alikuwa fundi rangi wa minara ya mawasiliano. Zamani alimwona mwenzake akianguka kutoka mita sitini, na baada ya hapo hakuweza kupanda hata kitanda cha juu. Alijifungia nyumbani kwa mama yao miaka mitatu. Nanga ilipopata kibali alikuwa wa kwanza mkoani kuimeza, na Kokugonza ndiye aliyempelekea kopo la kwanza. Siku hizi kampuni za minara zilikuwa zikiwatafuta mafundi wa Nanga kwa tochi, maana hupanda upesi.

Jumapili ile alikuwa juu ya mnara wa Kashozi. Kokugonza alimkuta mama yao chini, amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mwamvuli mkononi ijapokuwa hapakuwa na jua wala mvua. Ma Paskazia alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kukaa pale.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nafanya kazi." Hakuondoa macho juu. "Yule akishuka ndiyo natoka kazini."

Kokugonza alitazama. Mutasingwa alikuwa amesimama kwenye chuma chembamba kuliko mguu, ndoo mkono mmoja, brashi mkono mwingine. Mkanda wa usalama ulikuwa umening'inia kiunoni, haukufungwa popote. Kokugonza aliona, akakisia urefu, akakadiria upepo, akajua kwa akili yake kwamba mdogo wake angeweza kufa muda wowote. Moyo wake uliendelea na shughuli zake. Akakishika kiganja cha mama yake. Kilikuwa chembamba, na kimelowa kama vya Elpidius.

Alipiga mluzi. Mutasingwa alishuka huku akiimba.

"Shikamoo, dada. Leo umetukumbuka."

Kokugonza aliwaambia yote palepale, kwa maneno ya kawaida, bila kujificha nyuma ya istilahi. Mutasingwa alisikiliza huku akijikwangua rangi kwenye kucha.

"Kwa hiyo nikiacha, hofu itarudi?" aliuliza.

"Kwangu haijarudi. Kwako sijui. Huenda isirudi, huenda ikarudi yote kwa siku moja."

"Na ukisema huko kwenye Baraza lenu, kampuni watatushusha sote."

"Ndiyo."

"Basi niambie, dada, nikiwa chini mimi ni nani? Miaka mitatu mama alikuwa akinisukumia chakula mlangoni. Uliniletea kopo mwenyewe, ukaniambia kunywa, nimeionja, haina neno."

"Nilikwambia hivyo. Nilikosea."

"Sina ugomvi na wewe. Mimi nashukuru." Alisema kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Acha tu mambo yalivyo."

"Funga mkanda, basi. Hilo tu."

"Unanichelewesha kazi. Na wala sioni sababu."

"Najua huioni. Hata mimi siioni. Naijua tu."

Ma Paskazia alikuwa ameyasikia yote. Sasa akaufunga mwamvuli.

"Miaka mingapi umesema, Koku?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Kumi na mmoja." Alihesabu kitu chake kichwani. "Zamani mvua ikinyesha ulikuwa unanipigia simu. Mama, umefika? Mama, paa halivuji? Unakumbuka ulikuwa unanikera, nikikohoa unataka kuja na gari? Halafu ukaacha, siku moja tu, ukaacha. Nikamwambia Mutasingwa, dada yako amekuwa mtu mkubwa, hatuna faida kwake tena." Akamgeukia. "Nilikununia, mwanangu. Mpaka Jumapili hii ya leo nilikuwa nimekununia."

Kokugonza alitaka kusema kwamba alimpenda siku zote, na ilikuwa kweli. Lakini alijiuliza ni lini mara ya mwisho alimwaza mama yake bila kukumbushwa na mtu, akarudi nyuma mwaka hadi mwaka bila kuipata siku hiyo. Alilia pale chini ya mnara, mtu mzima na cheo chake, na mama yake akamwacha alie kwanza kabla ya kumpa kitambaa.

* * *

Jumatatu saa mbili asubuhi alimwita Elpidius, akamkalisha na karatasi mbili tupu.

"Mimi siwezi kuionja hii," alisema. "Utaionja wewe. Hapa andika yote unayoyaogopa tukisema. Hapa, yote unayoyaogopa tukinyamaza. Usichague, usipambe."

Elpidius aliandika robo saa nzima, akifuta jasho. Kokugonza alizichukua na kuzisoma kama alivyosoma ripoti maisha yake yote, bila haraka, akiweka alama pembeni. Karatasi ya kusema ilijaa. Maabara kufungwa, jina la Profesa kuchafuka, Elpidius mwenyewe kukosa kazi akiwa na miaka hamsini, na katikati ya hayo, kwa herufi ndogo, watoto wa kifafa. Karatasi ya kunyamaza ilikuwa na mistari miwili. *Mutasingwa. Na wale wote ambao sijui majina yao.*

Aliviwekea duara vitu viwili: watoto wa kifafa, na karatasi nzima ya pili. Mengine aliyakata kwa mstari.

"Haya mengine ni ya kweli," Elpidius alisema kwa sauti ndogo.

"Ni ya kweli, na ni yetu. Hayaendi kwenye mizani."

Akaandika. Ripoti ilikuwa na kurasa tatu, picha ya skana, hesabu ya maneno na orodha ya ajali. Kwenye ukurasa wa mwisho aliomba dawa ya kifafa na ile ya wazazi, akina mama wanaojifungua, zisisimamishwe, ila zionjwe upya ndani ya siku tisini, na waonjaji watatu badala ya mmoja, na kati yao asiwepo aliyewahi kuonja kitu kingine. Aliomba watumiaji wote wa Nanga waambiwe kwa mdomo, na mtu, na si kwa barua. Kwenye mstari wa chini, palipoandikwa *Mwonjaji*, alipiga mstari juu ya neno hilo, na badala yake akaandika *Mgonjwa*. Ndipo akatia saini.

Baraza lilimvua kiapo siku ya tano. Dawa ya wazazi waliiacha iendelee. Ile ya kifafa waliisimamisha wiki sita, na katika wiki hizo mtoto mmoja wa Karagwe alifariki. Kokugonza alikwenda msibani, akajitambulisha kwa baba wa mtoto yeye ni nani na amefanya nini. Yule baba alimtazama, akamwambia akae.

Mutasingwa alishushwa kwenye minara pamoja na wenzake mia nne. Alikaa mwezi bila kuzungumza na dada yake, kisha kampuni moja ikawarudisha kwa masharti, kila fundi afungwe mkanda na msimamizi kabla ya kuondoka ardhini. Msimamizi wa mnara wa Kashozi alikuwa mzembe. Ma Paskazia aliichukua kazi hiyo mwenyewe, bila mshahara wala barua ya ajira, na inasemekana alikuwa akivuta kamba mpaka mafundi wanaguna.

Mvua za masika zilipoanza, Kokugonza alikuwa mezani kwake nyumbani akisahihisha kazi za wanafunzi, maana kufundisha hawakumkataza. Saa moja jioni simu yake ililia kengele aliyokuwa ameitega mwenyewe. Aliweka kalamu chini, akapiga.

"Mama, umefika?"

Upande wa pili ulikuwa na mshindo wa mvua juu ya bati, na mtu anayevuta pumzi.

"Nimefika," Ma Paskazia alisema. "Paa halivuji. Na huyu mdogo wako amefika, anakula." Kisha akauliza: "Nani kakukumbusha?"

Angeweza kusema uongo, na mama angefurahi.

"Kengele, mama. Niliitega."

Mvua ilijaa kwenye simu. Kokugonza alingoja, na hakujua ni kiasi gani angekuwa anaogopa jibu, kama angekuwa anaweza.

"Basi usiizime," mama yake alisema.